Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka wa Bustani

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati tendaji, wazee wetu washauri, na vijana mliojiunga mwaka huu: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za asubuhi.

Katiba ya chama chetu cha mafundi wa vinyago na sanamu hapa Tanga inanitaka niwasomee mambo ya mwaka mzima. Hesabu atawasomea mweka hazina, madeni ya ada atayataja katibu (na atayataja kwa majina, kwa hiyo mjiandae), basi sioni haja ya kuyarudia hapa. Nafasi yangu nitaitumia karibu yote kwa maonyesho yetu, kwa kuwa ndiyo yaliyotugawa, na wapo humu ndani waliokuja leo wakiwa na la kusema.

Miaka yote tulikuwa tunapanga meza. Kila mwanachama na meza yake, twiga na vifaru mbele, vinyago vikubwa nyuma, bei imebandikwa kwa selotepu. Mgeni anaingia mlango huu na kutokea ule, na hapo katikati ameshaambiwa "karibu, bei maelewano" mpaka macho yote kayaelekeza sakafuni. Kamati ilipokaa kupanga ya mwaka huu, mama mmoja mjumbe akauliza: "Kazi zetu ni miti, maua na samaki. Mbona tunazipanga kama mafungu ya nyanya?" Tulicheka, lakini hakuna aliyekuwa na jibu. Ndipo ikaamuliwa ukumbi wote uwe bustani moja: njia ya mchanga inayopinda, vitalu kulia na kushoto, kazi zikae chini au juu ya visiki vya urefu tofauti, na meza zibaki stoo.

Nimeulizwa sana jambo hili tumelitoa wapi. Sanamu kukaa bustanini si habari mpya. Kule Uingereza, mchongaji Barbara Hepworth alinunua karakana mjini St Ives mwaka 1949, akawa anazisimamisha kazi zake kati ya mimea ya hapo nyumbani. Alifariki mwaka 1975, na mwaka uliofuata pakafunguliwa kuwa makumbusho. Jirani zetu wa Zimbabwe wana Tengenenge, iliyoanza mwaka 1966 kwenye shamba la tumbaku, ambako sanamu za mawe zinasimama nje kabisa, kwenye majani, juani na mvuani. Ila hao walichukua bustani wakaweka sanamu ndani yake. Kwetu sanamu zenyewe ndizo zilizokuwa mimea. Kitu kibichi pekee mle ukumbini kilikuwa vikuba vya asumini walivyokuja navyo akina mama siku ya ufunguzi.

Mimi binafsi nilikuwa na Amani kichwani, ile ya milimani Usambara. Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti kule mwaka 1902 walipanda miti ya kila pembe ya dunia kuijaribu, mikwinini ikiwemo. Ukitembea pale, njia inakutoa mti hadi mti, huoni yote kwa mkupuo. Nilitaka mtu akisimama mlangoni asiweze kuona maonyesho yote, alazimike kutembea.

Kitalu cha mkonge nitakisemea kwa kirefu, kwa sababu ndicho kilichozungumzwa zaidi mitaani. Kisa chenyewe wengi wetu tumekikuta kwa wazee: mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza vikonyo 1,000, yaani vimche vya mkonge, kutoka Florida, Marekani, na vilivyofika Tanga vikiwa hai ni 62. Kilimo cha mkonge nchini kilianzia hapo. Mashamba, korona (viwanda vya kuchakata mkonge), na kambi zilizojaa watu wa makabila ambayo babu zetu hawakuwahi kuyasikia, vyote vilifuata baadaye. Mchongaji wetu wa Pongwe alitafuta mlingoti mkavu, lile shina refu la maua ya mkonge, akausimamisha katikati ya kitalu, kisha akachonga vikonyo 62 kwa mabaki ya mtiki, kimoja kimoja, vyote tofauti, akavifunga kwenye matawi kwa nyuzi za katani. Chini, juu ya mchanga, akamwaga vipande vya mbao ambavyo havikuguswa na patasi, vimebabuliwa moto mpaka vikawa vyeusi. Hivyo ndivyo vilivyokufa njiani. Anasema ni 938. Sikuvihesabu wala sina nia hiyo, ila watoto wa shule walivihesabu vya juu, na kila kundi lilitoka likibishana kama ni 61 au 62, maana kimoja amekificha nyuma ya tawi.

Aliyekulia shambani anajua kwamba mkonge ukitoa mlingoti ndiyo basi tena. Unachanua mara moja tu, unaangusha vikonyo, unakufa. Mzee mmoja aliyekata mkonge ujanani mwake alisimama pale muda mrefu, akauangalia mlingoti toka chini hadi juu, kisha akamwambia mwenzake, "Huu umeshamaliza," akaendelea na njia. Maneno yaliyoandikwa kwenye kitabu cha wageni ni mengi na ni mazuri, lakini hakuna lililonikaa kama hilo.

Kwa watakaotumia mlingoti tena: ni mwepesi, ndani ni sifongo, na ukiuchimbia kwenye mchanga peke yake utalala. Wa kwetu ulishikwa na ndoo ya zege iliyofukiwa.

Kitalu cha mikoko kilikuwa kazi ya vijana wa Ngamiani, nao ni wachomeleaji, si wachongaji. Mikoko inalindwa na sheria, na hata kama isingelindwa, chama hiki hakiwezi kukata mkoko ili kumwonyesha mtu uzuri wa mkoko. Wakatumia vipande vya nondo kutoka kwenye majengo. Mizizi ya mkoko ile inayojikunja kama matao wameikunja kwa mikono na bomba, ile ya mchu, mkoko wa aina nyingine, inayochomoza topeni wameisimamisha wima mamia kwa mamia, na hawakupaka rangi. Walizianika nondo zao ufukweni, upepo wa chumvi ukazila, zikatoka na wekundu uleule wa gome la mkandaa, nao ni mkoko. Kuna mzee mwenzetu hapa aliyewahi kusema chuma si sanaa. Nilimwona ameinama pale, na leo sitamtaja.

Kwenye kona ya mawe palikuwa na kazi ndogo kuliko zote, na nasikitika kwamba wengi waliipita. Ni yale maua ya zambarau ambayo dunia nzima inayafuga kwenye vyungu vya dirishani. Yalipelekwa Ujerumani na Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, na mwaka 1893 yakapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia kwa heshima yake. Sisi tunayo porini, Usambara na kwenye miamba ya chokaa huku chini, yanazidi kupungua kila msitu unapofyekwa. Dada yetu wa Chumbageni aliyachonga kwa mpingo ndani ya mpasuko wa jiwe la chokaa. Tazameni alivyofanya: mpingo una moyo mweusi na pembeni una utando mweupe unaokaribia rangi ya maziwa, ambao wengi wetu tunautupa kwa kuwa mteja anataka cheusi. Yeye ameuacha, ukawa ukingo wa kila petali, mwembamba kama kucha. Petali zote zinatosha kwenye kiganja. Mti huo unachukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo namna ya kuutumia: kidogo, na kila sehemu yake.

Bwawa lilikuwa kipande cha turubai la bluu, na ndani yake silikanti wa mabati. Mnamjua: samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu enzi za madinosaria, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wetu wa jarife walianza kumtoa mwaka 2003, mpaka ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Mabaka yake meupe yalikuwa alama za misumari ya bati kuukuu. Kazi nzuri. Turubai, hapana, mwaka ujao tutafute kitu kingine.

Sasa mvua. Ukumbi tuliokodi tuliahidiwa kwamba paa limezibwa. Masika ilipoanza tuligundua limezibwa upande wa ofisi ya mwenye ukumbi. Maji yalishuka juu ya kitalu cha mkonge, katani ikalowa, ikavimba na kuanza kunuka, na vijana walilala pale usiku wakibadilisha ndoo. Mtiki haukudhurika, na ndiyo maana mabaki ya mtiki wa shamba la miti la Longuza tunayapenda: una mafuta yake, maji na mchwa vinauheshimu. Fidia tumeidai kwa barua. Majibu tuliyopata ni ya mdomo.

Nije kwenye mgogoro. Malalamiko ni mawili. La kwanza, kwamba bustani imemeza majina ya watu: mgeni anasifia bustani, hasifii fundi. La pili, kwamba mauzo ya vitu vidogo yameshuka kwa kuwa bei hazikubandikwa, zilikuwa kwenye karatasi moja mlangoni. Mweka hazina atawaonyesha kwamba la pili ni kweli. Atawaonyesha pia kwamba kazi kubwa, ambazo kwa kawaida huwa tunazirudisha nyumbani na mkokoteni, safari hii zilipata wateja, na baadhi ya wateja hao hawakuomba kupunguziwa. Mtu akitembea taratibu ananunua tofauti na mtu anayekimbizwa na wauzaji.

La majina nalikubali kwa sehemu. Tulitengeneza vibao vya chini, vya aina ile ya bustani za mimea: jina la mmea, mbao au chuma kilichotumika, jina la fundi. Fundi akawa mstari wa tatu. Kamati inapendekeza awe wa kwanza. Lakini pendekezo la kurudisha meza, lililoletwa kwa maandishi na wanachama kadhaa, kamati haiungi mkono, na mimi nitalipinga nikiwa nimesimama. Anayetaka kuuza twiga wa mfukoni atengewe banda nje ya lango, na apewe kiti kizuri. Ndani pabaki bustani.

Kuna jambo moja halikuwa kwenye mpango. Walikuja wanafunzi wasioona na mwalimu wao, na vibao vya "Usiguse" vikawa havina maana. Tuliviondoa kwa asubuhi ile. Waliipata mizizi ya nondo kwa vidole kabla hawajaambiwa ni nini, na binti mmoja akasema, "Hapa maji yamekupwa." Tangu hapo vibao havikurudi kwenye kitalu cha mikoko wala kwenye mtiki. Mpingo uliguswa ukazidi kung'aa. Katani peke yake ndiyo isiyovumilia mikono, inachambuka, hiyo tuiwekee kamba.

Mengineyo kwa ufupi. Mashine ya kunolea tezo na patasi imepona, ufunguo unao katibu. Risiti za mbao na vibali vya usafirishaji wa mazao ya misitu kila mtu atunze vya kwake. Chama hakitamtetea aliyekamatwa na mpingo usio na karatasi. Mafunzo ya vijana yaliendelea kila Jumamosi, isipokuwa Ramadhani tulipoyahamishia asubuhi. Wenzetu tuliowazika mwaka huu tutawasimamia kimya baada ya taarifa hii.

Yanayohitaji kura zenu leo ni matatu: muundo wa bustani uendelee au usiendelee, jina la fundi liwe juu kwenye vibao, na kamati iruhusiwe kutafuta ukumbi mwingine, hata kama ni ghali zaidi, mradi wajumbe wawili waende kuukagua siku ya mvua. Kura ya kwanza itakuwa ya siri. Karatasi zinagawiwa sasa kuanzia mstari wa nyuma.