Panya kupona siku 14 si cheti cha dawa ya kisukari

Mhariri,

Wauzaji wa dawa za majani za kisukari hupenda kusema dawa yao "imepimwa maabara". Ukiuliza imepimwaje, mara nyingi utaambiwa panya walinyweshwa na hawakufa. Kipimo hicho kipo kweli. Kwa mwongozo namba 423 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), panya watatu, kwa kawaida majike, hulala bila chakula, hupewa dozi moja kwa mrija hadi tumboni, pengine miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzito, kisha huangaliwa siku 14. Wasipokufa, hurudiwa kwa wengine watatu. Hapo imejulikana sumu ya ghafla, basi.

Mgonjwa wa kisukari hunywa kila siku, miaka, na huenda figo zake tayari ni dhaifu. Kinachomfaa ni kipimo cha siku 28 (mwongozo 407) au, bora zaidi, 90 (408): makundi matatu ya dozi na la nne lisilopewa dawa, madume na majike, damu ipimwe ALT na AST (vimeng'enya vinavyopanda ini likiumia) kwa ajili ya ini, urea na kreatinini (taka ambazo figo huziondoa) kwa ajili ya figo. Kreatinini huchelewa kupanda, kwa hiyo vipande vya figo lazima vitazamwe kwa hadubini. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, dawa ya mitishamba ya kupunguza unene iliharibu figo za wanawake wengi baada ya mmea wa jamii ya Aristolochia kuingizwa mahali pa mwingine. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka mtaalamu wa mimea autambue mti na sampuli ihifadhiwe, kabla panya hajaguswa.

Kilichopimwa kiwe kile kile kinachouzwa. Majani yaliyoloweshwa kwenye ethanoli hayatoi kemikali sawa na yaliyochemshwa.

Dozi nayo hukosewa. Ili kupata dozi ya mtu, miligramu 400 kwa kilo ya panya hugawanywa kwa 6.2; kwa mtu wa kilo 70 ni kama gramu 4.5 za dondoo kavu, yaani kinachobaki maji ya dawa yakikaushwa. Ikiwa majani hutoa asilimia 10 tu ya dondoo, hizo ni gramu 45 za majani makavu kwa siku. Nani anakunywa hivyo?

Na wapimaji wachache huijaribu dawa ya majani pamoja na glibenklamaidi, kidonge cha hospitali cha kushusha sukari, ilhali wagonjwa huzichanganya. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, mtu hutoka jasho, hutetemeka. Ikizidi kushuka, huzirai.