Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Januari 27

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tulipoambiwa kwamba mgeni wetu ni mtu aliyetumia maisha yake kutunza nyaraka, tulifurahi, kisha tukaingiwa na hofu, maana karatasi utakazoziona leo tumezitundika kwenye kamba ya katani kwa vibanio vya nguo. Utuwie radhi. Mbao za matangazo zimejaa ratiba ya mitihani.

Mgeni Rasmi, mwaka 2005 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe ya leo iwe siku ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, yaani chama cha Hitler kilichotawala Ujerumani. Tarehe kama ya leo, mwaka 1945, askari wa Kisovieti waliingia kambi ya mauaji ya Auschwitz, katika nchi ya Poland. Kati ya watu waliowakuta hai alikuwamo mwanamume wa miaka 55 aliyeitwa Otto Frank. Binti yake Anne wengi wetu tunamfahamu kwa shajara aliyoiandika mafichoni. Leo shajara hatukuileta. Tumeleta karatasi za baba. Nyingine tumezipata mtandaoni tukazichapa, nyingine tumezieleza kwa Kiswahili kwa mkono wetu, na utatusamehe kwa mwandiko wa baadhi yetu.

Otto alizaliwa katika familia ya Kiyahudi huko Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1889. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia aliipigania Ujerumani hadi akawa ofisa. Haikumsaidia kitu. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, familia ilihamia Amsterdam, na Otto akaanza biashara ya pektini, ile inayogandisha jemu. Mwaka 1938 aliomba viza ya Marekani katika ubalozi mdogo wa Rotterdam, akawekwa kwenye foleni. Na foleni yenyewe ilikuwa hivi: Marekani ilipokea watu 27,370 tu kwa mwaka waliozaliwa Ujerumani na Austria, wakati mwanzoni mwa 1939 waliokuwa wakisubiri walizidi 300,000. Mei 14, 1940 ndege za Ujerumani ziliipiga Rotterdam kwa mabomu, na maombi yake yakateketea pamoja na karatasi za wenzake. Akaanza upya.

Karatasi tunayoomba uisogelee ni barua ya Aprili 30, 1941. Otto anamwandikia Nathan Straus, rafiki yake tangu walipokutana chuoni Heidelberg, ambaye sasa ni mkubwa serikalini Marekani. Anaomba amwekee dhamana ya dola 5,000. Barua hiyo imeandikwa na mtu asiyezoea kukopa. Anatanguliza maelezo, anaeleza tena, mwishowe ndipo analitoa ombi lenyewe, kwamba Straus ndiye mtu pekee anayeweza kumwomba. Anasema ni kwa ajili ya watoto hasa. Yatakayowapata yeye na mkewe si jambo kubwa sana.

Straus hakumtupa, na shemeji wawili wa Otto, vibarua wa kawaida huko Massachusetts, Marekani, nao walijitolea kuidhamini familia. Lakini viza ya wakati ule ilitaka hati za kiapo za wadhamini, uthibitisho wa fedha zao, tiketi ya meli, ruhusa ya kutoka nchini, na hata cheti cha tabia njema kutoka polisi, yaani polisi wale wale wanaokuwinda. Ukipata hiki, kile kimeshaisha muda. Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake huendesha malori ya kwenda Kongo, alipoisoma orodha alisema, "Hii si nenda-rudi ya mpakani hii!" Tukacheka. Mwalimu akauliza kila siku ya nenda-rudi ilikuwa inamgharimu nini mtu huyu, na darasa likanyamaza.

Juni 1941 Marekani ilikaza masharti kwa wenye ndugu wa karibu katika nchi zilizoshikwa na Ujerumani. Mwezi uliofuata balozi zake ndogo huko zilikuwa zimefungwa. Otto akageukia Cuba. Novemba, Ujerumani iliwavua uraia Wayahudi wake wote waliokuwa nje ya nchi. Desemba 1 viza ya Cuba ikatoka, kwa jina lake peke yake. Desemba 11 Ujerumani ikaitangazia Marekani vita, na viza ikafutwa. Iliishi siku kumi.

Faili la maombi hayo, karatasi kama 80, lilikaa Marekani miaka mingi bila mtu kujua lina nini, mpaka mfanyakazi wa kujitolea wa YIVO, taasisi ya New York inayotunza nyaraka za Wayahudi, alipolikuta mwaka 2005. Mgeni Rasmi, hapa tulikufikiria wewe na wenzako.

Karatasi inayofuata ni ya Julai 5, 1942: wito wa serikali kwa Margot, binti mkubwa, aliyekuwa na miaka 16, aende kambi ya kazi Ujerumani. Kesho yake familia ikaingia mafichoni, nyuma ya ofisi ya Otto katika jengo namba 263, mtaa wa Prinsengracht. Walikaa humo watu wanane, miaka miwili na ushee. Kuna karatasi moja ya huko isiyo na mhuri wa mtu: karatasi ya ukutani, ambapo wazazi walichora mistari ya penseli kupima urefu wa mabinti. Anne alirefuka zaidi ya sentimita 13. Mdogo wetu wa Kidato cha Kwanza ameichora mistari hiyo kwenye manila kwa vipimo, na tunaomba usipite haraka pale.

Walikamatwa Agosti 4, 1944. Kurudi kwa Otto, kifo cha mkewe Auschwitz, na cha mabinti wote wawili katika kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani, yote yameandikwa kwenye kamba, hatutayasoma hapa. Tutataja moja. Otto alipata uraia wa Uholanzi mwaka 1949, na mwaka 1952 akahamia Basel, Uswisi, kwa mama na dada yake. Uswisi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imefanya mazungumzo na Ujerumani mwaka 1938, ndipo pasi za Wayahudi zikagongwa herufi J ili mpakani watambulike upesi. Tumebishana sana klabuni kuhusu hilo, na hatujaelewana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukosi changamoto. Kabati letu ni la mbao na mchwa wameshakula kona mbili. Tunaomba utusaidie kupata kabati la chuma. Ombi la pili ni kubwa zaidi: utupe hata siku moja ya Jumamosi utufundishe kutunza karatasi. Wazazi wameanza kutuletea barua na vyeti vya mababu zetu, vingine vimebandikwa kwa gundi ya dukani, na hatujui tuvifanyeje.

Tukimaliza hapa tutakupeleka kwenye kamba. Tutaanzia mlangoni, maana upande wa dirishani upepo unazipindua.

Karibu sana.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Historia.