Anza na karatasi, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma orodha ya vitu unavyotaka kununua ili uanze kutengeneza kadi za salamu kwa mkono: riboni, stika, vito vya plastiki, vumbi la kung'aa la rangi sita. Karatasi hukuiandika kabisa. Basi nitaanza na hiyo, maana kadi nyingi huharibika kabla pambo la kwanza halijabandikwa: karatasi imelegea, mkunjo umepasuka, gundi imeipinda. Ukiyaweza hayo matatu, pambo moja linatosha. Vumbi la kung'aa liache dukani. Litamfuata aliyepokea kadi hadi kwenye shuka zake, na hatakushukuru.

Uzito wa karatasi hutajwa kwa gramu katika kila mita ya mraba. Ile ya kuchapia ya kawaida ni gramu 80, na kadi ya gramu 80 haisimami. Mwili wa kadi unataka gramu 220 hadi 300. Ikipungua hapo, kadi inalegea mara tu unapoibebesha pambo. Ikizidi, inasumbua kukunja kwa mkono na uso wake hupasuka mgongoni, yaani kwenye mkunjo. Chukua ya gramu 250, isiyong'aa. Inayong'aa imepakwa tabaka linalochelewesha wino kukauka, na gundi ya maji haishiki vizuri juu yake. Kwa vipande vya kubandika juu, gramu 120 hadi 160 zinatosha.

Vipimo usivibuni. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikate katikati ya upande wake mrefu, upate A5 mbili za milimita 148 kwa 210. Kila A5 ikunje katikati ya upande wake mrefu, nawe una kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148. A4 moja imetoa kadi mbili bila kutupa kipande, na bahasha yake ipo tayari: inaitwa C6, milimita 114 kwa 162. Kadi ya mraba inapendeza, sikatai, ila bahasha yake itabidi uitengeneze mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kuipenda A6. Karatasi imeundwa kwa nyuzinyuzi, na kiwandani nyingi hulala kufuata upande ambao karatasi ilikuwa ikikimbilia mashinani. Mkunjo ulio sambamba na nyuzi hutoka safi. Mkunjo unaozikatisha huchanika juu na kuacha mstari mweupe wenye manyoya, hasa kwenye karatasi ya rangi. A4 nyingi nyuzi zake zimelala kwa urefu. Ukiikata na kuikunja kama nilivyoeleza, mgongo wa A6 unaangukia sambamba nazo. Lakini ukichukua A4 nzima na kuikunja mara moja upate kadi kubwa, mkunjo unazikatisha, na ndiyo maana kadi kubwa hupasuka mgongoni hata kwa mtu mwangalifu. Usikisie. Ipinde karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza huku, kisha kule: pale inapokubali bila ubishi, ndipo nyuzi zinapofuatana na mkunjo. Bado una shaka? Kata kipande cha sentimita 5 kila upande, kitie alama, kisha lowesha uso mmoja. Kitajiviringa kama bomba, na bomba hilo limelala sambamba na nyuzi.

Kukata: rula ya chuma, wembe mpya wa kisu cha karatasi, ule unaovunjwa ncha, na kibao cha kukatia chini. Rula ya plastiki hutafunwa na wembe, na kuanzia hapo kila mstari wako una kigongo. Pitisha wembe mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza ili umalize kwa mkupuo mmoja, rula inateleza na pembe inakwenda upande. Vidole vinavyoshika rula vikae mbali na ukingo unaopitishia wembe. Kingo zikianza kutoa manyoya, wembe umechoka. Vunja ncha uendelee.

Kabla ya kukunja, piga mfuo, yaani mtaro mdogo wa kuongoza mkunjo. Kwenye A5 weka alama ya milimita 105 juu na chini, laza rula, kisha pitisha mara mbili kalamu iliyokwisha wino au sindano butu ya kufumia. Upande mmoja utaona bonde, upande wa pili tuta dogo. Tuta hilo libaki ndani ya kadi, bonde likae nje. Wanaoanza hufanya kinyume, kwa kuwa bonde linaonekana kama linaomba kufungwa; matokeo yake uso wa nje unavutwa kupita kiasi na kupasuka. Ukishakunja, weka karatasi chakavu juu ya mgongo ndipo usugue kwa mgongo wa kijiko. Kijiko kikigusa kadi moja kwa moja kinaacha mng'ao usiofutika.

Tabaka za mbele ndizo zinazoipa kadi sura, na hapa hesabu ndogo inafanya kazi kuliko kipaji. Uso wa kadi ni milimita 105 kwa 148. Tabaka la kwanza likate 97 kwa 140, libaki fremu ya milimita 4 kila upande. La pili 91 kwa 134, fremu ya milimita 3. Usiende chini ya milimita 2: fremu nyembamba hufichua hata kosa la nusu milimita, jicho linaliona kabla halijaona picha. Ukitaka tabaka moja lielee, weka chini yake vipande vya sponji vyenye unene wa milimita 2, kimoja kila pembe na kimoja katikati. Ukisahau cha katikati, tabaka litabonyea siku ya kwanza ndani ya bahasha.

Gundi nyeupe ina maji. Nyuzi zikinywa maji huvimba kwa upana, upande mmoja unakua na mwingine haukui, karatasi inapinda. Kwa hiyo paka kidogo, uitandaze kwa ukingo wa kipande cha kadi hadi ibaki utando, ukianzia katikati kwenda nje, na upake kipande kidogo, kamwe si kadi yenyewe. Kisha weka kazi kati ya karatasi mbili za nta, juu yake vitabu vizito, na uiache usiku mzima. Kuianika juani kunakausha uso mmoja haraka na kuongeza kupinda. Gundi ya kijiti haipindi karatasi sana, lakini pembe zake huinuka baada ya muda, hasa ikibeba karatasi nzito. Selotepu yenye gundi pande mbili ni safi kuliko zote kwa tabaka bapa, ila haisamehe: ikishagusa, imegusa. Dawa ni kubandua ncha tu za karatasi yake ya mgongoni, uzikunje zichungulie nje, ulenge tabaka mahali pake, kisha uzivute moja moja.

Sasa kadi inayoinuka ukiifungua, ambayo najua ndiyo unayoitamani. Usiikate kwenye kadi yenyewe, tundu litaonekana nje. Kata karatasi ya ndani ya gramu 160, milimita 138 kwa 200, uipige mfuo katikati na kuikunja, upate nusu mbili zenye kina cha milimita 100. Ikiwa bado imekunjwa, chagua nukta mbili kwenye mgongo zilizoachana milimita 40. Kutoka kila nukta kata mstari wa milimita 35 kuingia ndani, wembe ukipita nusu zote mbili. Unganisha ncha za mikato hiyo kwa mfuo, mbele na nyuma. Fungua karatasi, sukuma ule ukanda uje ndani, ugeuze mkunjo wake, ufunge, ukandamize. Ukiifungua kwa pembe ya mraba, utaona kisanduku kimesimama, milimita 35 kwenda juu na 35 kuja mbele. Ua, ndege, jina, chochote unachotaka kiinuke, bandika kwenye uso wa mbele wa kisanduku peke yake.

Kuna hesabu moja ambayo wengi huiruka, halafu wanashangaa kuona kichwa cha ndege kikichungulia nje ya kadi iliyofungwa. Kadi ikifungwa, kisanduku hulala kuelekea ukingoni, na ncha yake inafika umbali wa mara mbili ya mkato: mkato wa 35 unafika 70. Kwa hiyo mkato usizidi nusu ya kina cha karatasi, hapa milimita 50. Pambo nalo linaanzia pale kisanduku kinapokanyaga sakafu, yaani nusu ya karatasi iliyolala, milimita 35 kutoka mgongoni. Kati ya hapo na ukingo zimebaki 65. Toa 5 za usalama: pambo lisipite milimita 60 kwenda juu, ukipima kutoka sakafuni. Ukitengeneza visanduku viwili, kimoja cha mkato wa 20 na kingine cha 40, cha nyuma kinaruhusu pambo la 75 na cha mbele 55. Kirefu nyuma, kifupi mbele, jinsi hasa unavyotaka mandhari yapangike.

Kubandika karatasi hiyo ndani ya kadi kuna utaratibu wake. Iache imekunjwa, kisanduku kikiwa kimelala ndani. Paka gundi uso mmoja wa nje, ukiacha milimita 5 bila gundi kuzunguka tundu, la sivyo kisanduku kitanata na hakitainuka tena. Iingize kadini mgongo ukigusa mgongo, bonyeza. Kisha paka uso wa pili na uifunge kadi juu yake. Kadi yenyewe italenga mahali sahihi. Ukibandika vyote viwili vikiwa wazi mezani, migongo hukosana kidogo, na kadi ikifungwa karatasi ya ndani inajikunyata. Kisanduku kikiegemea upande, mikato haikulingana urefu. Kikigoma nusu njia, mfuo wake ni hafifu.

Kwa kadi bapa, pambo ninalolipendelea ni maua ya karatasi ya kusokota. Kata vipande vyembamba vya upana wa milimita 3 na urefu wa milimita 200 kutoka karatasi ya gramu 120. Pasua ncha ya kijiti cha meno kwa wembe, kama milimita 5, uchomeke ncha ya kipande humo na uzungushe, ukingo ukiegemea kidole ili msokoto usipande kama ngazi. Uchomoe, uuache ufunguke ndani ya tundu la milimita 15 la rula yenye matundu ya duara. Hapo usitegemee jicho: petali zikifunguliwa hewani hazilingani kamwe. Mkia uchane kwa vidole badala ya kuukata, kwa kuwa ukingo uliochanika huungana bila kuonyesha kiungo, kisha utie gundi kwa ncha ya sindano. Bana upande mmoja, upate umbo la chozi; bana pande mbili, upate jicho. Machozi matano kuzunguka msokoto uliobana wa kipande cha milimita 100 ni ua kamili, na macho mawili ni majani yake. Kulibandika, tandaza gundi kwenye kifuniko cha plastiki, gusisha chini ya kila umbo, kisha liweke. Ukidondosha gundi kwenye kadi, itang'aa pembeni mwa petali na hakuna cha kuificha.

Maneno yaandike kabla ya kubandika chochote, kwenye karatasi ya ndani ya gramu 100 iliyo ndogo kwa milimita 5 kila upande, uishike kadini kwa mstari mmoja wa gundi kando ya mgongo. Ukikosea unabadilisha karatasi, kadi inapona. Mistari ya penseli ifute wino ukiwa umekauka kweli, ujaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Bahasha ya A6 inatoka kwenye A4 iliyokatwa iwe mraba wa milimita 210. Laza kadi katikati kwa mshazari, pembe za mraba zielekee katikati ya kila upande wa kadi. Chora mstari milimita 3 nje ya kila upande, piga mfuo, na ukate vile vipembe vidogo vinavyobaki kwenye kona nne. Kunja mbawa za kulia na kushoto kwanza, zitabakiza mwanya wa kama milimita 11 katikati, kisha pandisha ya chini na uipake gundi kwenye kingo mbili tu zinazozilalia. Kadi ikiwa nene, ongeza zile milimita 3 ziwe 6. Mraba huohuo bado unatosha.

Ile ya maua ya kusokota ina kimo cha milimita 3 juu ya uso wake, na mzigo wowote ukiilalia petali zitabonyea. Kata katoni ya unene uleule, milimita 105 kwa 148, uitoboe dirisha mahali pa ua, uilaze juu ya kadi ndani ya bahasha. Na juu ya bahasha andika isikunjwe.

Akupendaye,
Mama