Macho yangu ni ya gongo, ya bibi ni ya uchawi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Nina miaka 68, nilikuwa karani wa pamba katika chama cha msingi huku Maswa, Simiyu. Tangu mke wangu afariki mwaka juzi, napika mwenyewe. Mtungi wa gesi walioniletea watoto ukiisha unakaa pembeni kama pambo mpaka waje Krismasi.

Kwa hiyo nimerudi kwenye mafiga. Kuni ni shida. Tunachoma miti ya pamba, nayo ikiisha, mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wake usiombe uujue. Mavi hayawaki, yanafukiza, na ugali hausongwi ukiwa umesimama mlangoni: unainamia sufuria, machozi na kamasi vikishindana nani atangulie. Miezi mitatu tu, macho yakaiva. Siku moja nikanyoa mbele ya kioo, nikamwona jirani yetu wa zamani.

Alikuwa bibi mjane, kapika hivyo maisha yake yote. Miaka ya tisini watoto wawili walifariki kwa kufuatana, mpiga ramli akasema mchawi anakaa upande wa machweo. Mkutanoni mtu akapaza sauti: "Si mmtazame macho!" Nikamtazama. Mhariri, uchawi niliuona, simsingizii mtu. Niliona jicho kavu, jekundu, lisilo na huruma. Sikunyoosha kidole, lakini mdomo wangu nao sikuufungua. Alihama usiku kwenda kwa binti yake, mbuzi akawaacha zizini. Huyo alibahatika, huku Usukumani wapo vikongwe waliokatwa mapanga kwa macho hayo hayo.

Sasa yangu ndiyo mekundu. Vijana wa kijiweni wananiambia, "Mzee, punguza gongo." Mwenyekiti kampigia simu mwanangu kumwambia baba kaharibika na pombe. Sijaonja tone tangu nibatizwe! Ila hakuna hata mmoja aliyewaza uchawi. Mgane, basi mlevi. Bibi mjane, basi mchawi. Jibu wanalo tayari, macho yangu wanayatazama baadaye.

Na miti haikurogwa. Baba alinisimulia walivyofyekeshwa mapori enzi za Mwingereza ili mbung'o waishe. Mbung'o wakapungua, kuni nazo zikaenda. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, sisi tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, tukahimizwa turudishe ngitili, yale maeneo yanayofungwa ili nyasi na miti viote tena. Mimi nikadhani ni habari ya malisho ya ng'ombe tu.

Ombi langu: viongozi wanaokuja kutuhutubia juu ya ramli chonganishi, kabla ya kushika kipaza sauti wakaribishwe jikoni, wawashe mavi, wasonge ugali mpaka uive. Wanaume watangulie. Kwangu sufuria ipo.

Karani Mstaafu,
Maswa, Simiyu