Mshirika aliyekataa vita asiitwe msaliti kabla mkataba haujasomwa

Mhariri,

Taifa kubwa likienda vitani na rafiki yake akakataa kulifuata, magazeti yetu hulichukua neno "usaliti" kama lilivyotoka vinywani mwa wanasiasa wa taifa hilo. Napinga zoea hilo, kwa kuwa mikataba yenyewe haisemi hivyo.

Tuchukue NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ibara ya 5 ya mkataba wake wa Aprili 4, 1949 inasema shambulio la silaha dhidi ya mwanachama mmoja, Ulaya au Amerika ya Kaskazini, ni shambulio dhidi ya wote. Wengi huishia hapo. Ibara inaendelea kwamba kila mwanachama atasaidia kwa hatua atakayoona inahitajika. Anayechagua hatua ni msaidiaji, siyo mwombaji. Mwanachama aliyeanzisha vita mwenyewe, tena nje ya eneo lililotajwa, hana pa kushika. Ibara hiyo imetumika mara moja tu, baada ya Septemba 11, 2001, na Ufaransa na Ujerumani zilipeleka askari Afghanistan.

Haikupita miaka miwili, nchi hizo hizo zikatukanwa kwa kukataa vita vya Iraq. Machi 2003 migahawa ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilifuta jina la Ufaransa kwenye chipsi, ambazo kwa Kiingereza chao huitwa "French fries", na kuziita chipsi za uhuru. Ufaransa ilikuwa ikitaka wakaguzi wa silaha waongezewe muda chini ya Azimio 1441 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambalo yenyewe ililipigia kura ya ndiyo. Baada ya uvamizi, wachunguzi waliotumwa na Marekani hawakuyakuta maghala ya silaha za maangamizi yaliyodaiwa kuwapo Iraq.

Kisa cha Uturuki kina mafunzo zaidi. Machi 1, 2003 Bunge lake lilipigia kura ombi la kupokea askari wa Marekani wapatao 62,000, ili waingie Iraq kwa upande wa kaskazini. Ndiyo zilikuwa 264, hapana 250, na 19 hawakuegemea upande. Ndiyo zilizidi, lakini ilitakiwa zaidi ya nusu ya waliohudhuria, yaani 267. Zikapungua kura tatu. Meli zenye zana za Divisheni ya 4 ya jeshi la Marekani zilikuwa zikisubiri Mediterania. Zikabidi zipite Mfereji wa Suez hadi Kuwait, na divisheni ikachelewa mwanzo wa vita. Hasara hiyo ni ya kweli. Ila kosa ni la aliyepanga vita akiihesabu ardhi ya mwenzake kabla Bunge la mwenzake halijaamua. Machi 20 Bunge hilohilo liliruhusu ndege za Marekani zipite angani.

Kwa hiyo kukataa kuna sehemu zake: askari, vituo, anga, mafuta, fedha, kura ya Umoja wa Mataifa. Ujerumani ya 2003 ilinyima askari, lakini iliiachia Marekani vituo na anga. Mwaka 1986 Ufaransa na Hispania zilinyima anga, na ndege za Marekani zilizotoka Uingereza kuishambulia Libya zikazunguka kupitia Gibraltar. Kuyaita yote hayo kwa jina moja ni kumnyima msomaji habari yenyewe.

Nasi hapa yanatuhusu. Mwaka 1998 Zimbabwe, Angola na Namibia ziliingia vitani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huku Afrika Kusini, mwenyekiti wa SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ikitaka mazungumzo, na lawama zikarushwa kati ya ndugu. Mkataba wa ulinzi wa SADC uliosainiwa Dar es Salaam Agosti 26, 2003 unaiachia kila nchi kushiriki kwa namna inayoona inafaa. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo ina itifaki yake ya ulinzi. Siku moja swali hili litaulizwa hapa hapa.

Naomba chumba chako cha habari, kabla ya kuandika "amesaliti", kieleze nani alishambuliwa na wapi, ni ibara ipi inadaiwa kuvunjwa, na ni kitu gani hasa kilichokataliwa. Kama kulikuwa na kura bungeni, chapeni na hesabu yake.

Msomaji wenu,
Sekei, Arusha