Sahihisho likae ukurasa wa mbele

Ndugu Mhariri,

Jumamosi asubuhi, kwenye kijiwe chetu cha kahawa karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi, wazee wawili nusura washikane mashati kwa sababu ya vita vya Iraq. Mmoja anasema George Bush, rais wa Marekani wakati huo, aliudanganya ulimwengu kuwa Iraq ina silaha za maangamizi. Mwenzake anasema Bush naye alidanganywa na majasusi wake. Muuza kahawa aliondoa vikombe mezani, kimya kimya. Kila mzee alikuwa na redio na gazeti lake la kumuunga mkono.

Naona wote waliruka jambo moja. Februari 5, 2003, Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alinyanyua kichupa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akieleza hatari ya Iraq kutumia vijidudu vya kimeta kama silaha. Alisema kama mtu mwenye hakika. Mwezi uliofuata Baghdad ikapigwa mabomu, na maghala ya silaha yaliyosemwa hayakupatikana. Uingereza, tume ya Sir John Chilcot iliyochunguza vita hivyo ilieleza Julai 2016 kwamba tishio la Iraq lilitangazwa kwa uhakika usiostahili. Hapo ndipo penye kosa. Kiongozi anayesema "nina hakika" ilhali mkononi ana tetesi amewadanganya waliomwamini, hata kama hakutunga neno.

Marehemu baba yangu alipigana Vita vya Kagera. Tukimwuliza kwa nini alikwenda, alitaja daraja la Kyaka. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yamelilipua, basi. Hakuhitaji kuonyeshwa kichupa.

Na magazeti? The New York Times lilikiri Mei 26, 2004 kuwa baadhi ya habari zake za silaha za Iraq hazikuchunguzwa ipasavyo. Habari zenyewe nyingi zilipamba ukurasa wa mbele. Kukiri kukawekwa ukurasa wa 10. Hata hapa nyumbani nimewahi kulikuta sahihisho la gazeti moja limebanwa chini ya matangazo ya vifo, kwa herufi nisizoweza kuzisoma bila miwani.

Ninachoomba, Mhariri: mnapochapa habari za vita kutoka nje, tuambieni nani kasema na amejuaje. Ikibainika sivyo, sahihisho likae palepale habari ilipokaa, kwa herufi zilezile. Wale wazee huja kijiweni kila siku, na gazeti lenu huwa mezani kabla ya kahawa.

Msomaji wako,
Moshi, Kilimanjaro