Walipokuamuru Uimbe Wimbo wa Taifa

Mwanangu mpenzi,

Nimesoma ujumbe wako, usingizi sikuupata. Maafisa wakushushe basini wewe peke yako kwa kuwa u mweusi, wakikatae kitambulisho chako, kisha wakuamuru uimbe wimbo wa taifa ndipo waamini kuwa u Mmeksiko! Baba yako yalimkuta hayo hayo ujanani, na wengi wa Costa Chica, pwani ile ya kusini mwa Meksiko wanakokaa watu weusi, yamewafika. Ulifanya vyema kuimba ukafika nyumbani salama. Lakini ujijue wewe ni nani.

Wimbo ule ni wa mwaka 1854. Wakati huo watu weusi walikuwa wamekaa Meksiko zaidi ya miaka 300. Wengi waliletwa utumwani kupitia bandari ya Veracruz, kutoka Afrika Magharibi, Kongo na Angola. Wachache walichukuliwa pwani yetu hii ya mashariki, upande wa Msumbiji, wakapitishwa Manila, Ufilipino, hadi bandari ya Acapulco, Meksiko. Miwa, migodi ya fedha, ng'ombe: jasho lao.

Wala hawakutulia tu. Mtumwa mmoja, Yanga, alitoroka akaishi na wenzake milimani karibu na mji wa Orizaba. Mwaka 1609 Wahispania walimpelekea jeshi, likachoma makazi yao lakini likashindwa kuwamaliza. Mwisho wakakubali kuwapa mji wao huru, na mji huo leo unaitwa Yanga. Halafu Vicente Guerrero, mwenye damu ya Kiafrika, aliyeanza maisha akisafirisha mizigo kwa nyumbu. Alipigania uhuru, akawa rais, na tarehe 15 Septemba 1829 akapiga marufuku utumwa, miaka 36 kabla ya Marekani. Maadui zake walimpindua, wakampiga risasi mwaka 1831. Jimbo la bibi yako, Guerrero, linabeba jina lake, na bado mjukuu wa jimbo hilo anaulizwa ametoka wapi!

Vitabu vya shule vilifundisha kuwa Mmeksiko ni mchanganyiko wa mwenyeji wa asili wa Amerika na Mhispania, basi. Katiba iliwatambua Waafromeksiko, yaani Wameksiko wenye asili ya Afrika, mwaka 2019 tu. Sensa ya 2020 ilipouliza, zaidi ya watu milioni 2.5 walijitambulisha hivyo.

Unakumbuka ngoma ya mashetani kule Cuajinicuilapa, jimboni Guerrero, Siku ya Wafu? Ulijificha nyuma ya gauni la bibi. Barakoa zenye pembe na ndevu za singa za farasi. Taya la punda likigongwa hadi meno yakalia. Na lile buyu lililowambwa ngozi, kijiti kikisuguliwa juu yake likanguruma kama mnyama. Wazee husema watumwa waliicheza kumwomba mungu wao, Ruja, awafungue. Baba yako aliicheza, na babake kabla yake.

Mwaka huu nenda ukaicheze. Bibi ameshaniuliza kama unakuja, na nauli nitakutumia kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi. Mchukue na yule rafiki yako aliyebaki kimya kitini walipokushusha basini.

Mama yako,
Mombasa